Mkataba kwa Herufi Kubwa

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, niliinua mkono katika mkutano wa hadhara pale Kitengela. Mwanasiasa aliyekuwa jukwaani alikuwa ametueleza kwamba ushuru wa mpakani Namanga ungeondolewa kwa mkataba na majirani zetu. Mimi nilikuwa na ekari mbili za vitunguu, shamba la kukodi, na pampu niliyoinunua kwa kuuza ng'ombe wetu wote watatu. Vitunguu vya Tanzania vilikuwa rahisi kuliko vyangu hata vilipotozwa ushuru.

"Mheshimiwa, mkataba huu nimeusoma," nikasema. Nilikuwa nimeusoma kweli kwa wiki tano, kamusi ikiwa kando. "Kabla Bunge halijauidhinisha, kwa nini sisi wananchi tusiupigie kura, ndiyo au hapana?"

"Si mlishapiga kura, mzee? Mlipiga ndio nikapata hii tumbo!"

Watu wakacheka sana. Alipoona sijakaa, akaongeza: "Sawa. Niletee vidole elfu moja kwa karatasi, nitapeleka Bunge mimi mwenyewe. Uko na wiki mbili."

Nyumbani nilipiga mistari kwa rula. Sikutaka mtu aweke kidole bila kujua anachokubali, kwa hiyo juu ya kila karatasi niliandika: MKATABA WA USHURU. Chini yake, kwa herufi ndogo: tunaomba wananchi wapige kura kwanza.

Siku ya soko nilikuwa Kajiado na kibweta cha wino. Mtu wa kwanza niliyemwendea alikuwa mama mzee aliyekuwa akiuza mbuzi. Hakujua kusoma, akamwomba jirani yake amsomee.

"Mkataba," jirani akasoma, akaishia hapo.

Mama akauingiza mkono ndani ya shuka.

"Yeyo," nikamsihi, nikimwita mama kwa Kimaasai, "hapa hukubali mkataba. Unaomba uulizwe."

"Babu yangu pia alishikwa kidole. Akaambiwa ardhi ni yake milele. Hiyo milele iliisha hata sijazaliwa." Akanitazama usoni. "Wewe uko na miwani. Haya, weka chako mara elfu."

Habari zilinitangulia katikati ya mbuzi: kuna mtu anatembea na mkataba. Kila niliyemkaribia alikunja ngumi. Saa saba nikakata kile kichwa cha maneno kwa wembe, karatasi zote.

"Ona, sasa ameficha jina!" mchuuzi mmoja akapaza sauti, na soko zima likanigeuzia mgongo.

Sikuweza kumlaumu yule mama. Nilikuwa nikipigania aulizwe, na nilipomuuliza alinijibu. Kilichoniumiza ni kwamba jibu lake lingehesabiwa kama kimya.

Wiki mbili zilipoisha nilikuwa na vidole arobaini na vitatu. Mwanasiasa alivihesabu akiwa ndani ya gari lake.

"Mzee, hii hata kamati ya harusi haitoshi."

"Basi uliza tu swali, Mheshimiwa. Swali moja."

Akapandisha kioo.

Bunge liliuidhinisha mkataba bila sisi kuulizwa. Vitunguu vyangu vilikomaa ushuru ukiwa umekwisha kuondolewa. Mnunuzi wangu wa Kitengela alinionyesha tu kwa kidole lori lililotoka Namanga. Niliuza theluthi moja kwa bei yake. Vilivyobaki vilichipua na kuoza ghalani, nikarudisha shamba kwa mwenyewe na kuuza pampu. Hasara yote ilikuwa shilingi laki moja, elfu themanini na sita na mia nne.