Dafroza na Shavu la Bibi Keraryo

Mimi sisifu watu ovyo. Nauza mitumba hapa Bunda, na muuza mitumba amezoea kugeuza kila kitu nje ndani kabla hajakisifia. Lakini Dafroza Magesa, tabibu wa meno wa kituo chetu cha afya, namsifu, na asiyetaka kusikia aende zake.

Nilimfahamu kwa sababu ya jino langu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sukari tuliyokuwa tukiipangia foleni na kuikosa ilikuwa imerudi madukani, nami nikawa naimwaga kwenye chai kama nalipiza kisasi. Gego likaanza kuuma. Nikaenda kijiji cha Guta kwa Bibi Keraryo, mganga wa meno, kama watu wote. Yeye alikuwa anafukiza kwa mbegu za ndulele. Anaziweka juu ya kigae cha moto, wewe unafunikwa khanga, unaachama juu ya bakuli la maji ili moshi ukuingie. Ukifunuliwa unaonyeshwa wadudu weupe wanaelea, eti hao ndio waliokuwa wanakula jino. Nilifurahi sana. Baada ya siku chache maumivu yakarudi, na hasira juu yake.

Ndipo nikaenda kwa Dafroza. Alinitazama kwa kioo kidogo, akapitisha kichuma chenye ncha juu ya meno. Kwenye mazima kiliteleza, kwenye gego kikanasa.

"Hapa pameoza, pamekuwa laini," alisema. "Lakini jino bado la kuokoa."

Sisi tulijua hospitali ni kung'oa tu. Mashine ya kutobolea haikuwepo, na umeme wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Akakwangua uozo kwa mkono, taratibu, kwa kijiko kidogo mno, kisha akaziba tundu kwa saruji ya meno.

"Na mdudu wangu yuko wapi?" nikamuuliza.

"Hakuna mdudu, dada Tabu. Sukari ikilala kwenye jino inageuka uchachu, na uchachu unalitoboa. Kama huamini, nenda kafukize sufuria ya maji, bila mdomo wa mtu."

Mimi mbishi, nikafanya. Wadudu walewale wakaelea kwenye maji. Kumbe ni viini vya mbegu, vinaruka vikipata moto. Sasa sufuria yangu ina meno?

Nikarudi kwa Dafroza nimefura, nikamwambia twende Guta tukamuumbue yule bibi mbele za watu. Yeye akaendelea kuchemsha vyombo vyake. Halafu akanisimulia habari za baba yake, mvuvi wa Majita. Alivimba shavu, wakampeleka kwa Bibi Keraryo, wakaonyeshwa wadudu, wakarudi nyumbani wameridhika. Uvimbe ukashuka shingoni, akashindwa kupumua, akafa. Dafroza alikuwa bado shuleni. Kuanzia hapo hakutaka kazi nyingine ila ya meno.

"Na humchukii?" nikauliza.

"Namchukia," alisema. "Lakini nikienda Guta kugombana, nani atabaki hapa?"

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, Bibi Keraryo mwenyewe akaja kwenye meza yangu ya mitumba. Alikuwa amejifunika kichwa, shavu limevimba mpaka jicho moja limefumba.

"Mwanangu, nipeleke kwa huyo binti wa Magesa," alisema kwa shida. "Watu wasinione."

Nilimpeleka, lakini niliogopa. Ningekuwa mimi Dafroza, ningemwambia akajifukize.

Dafroza alipomwona alisogeza kiti penye mwanga.

"Unanijua?" bibi akauliza.

"Nakujua, bibi. Kaa hapa, panua mdomo."

"Baba yako... nilikuwaga naamini nampa nafuu."

"Panua zaidi." Akampapasa chini ya taya. "Uvimbe umeanza kushuka. Ungekawia, wangekuzika."

Dawa ya ganzi ilikuwa adimu siku zile. Wengine waling'olewa hivihivi, wameshikwa mikono na mabega. Dafroza alifungua kabati, akatoa kichupa kilichobaki, akamchoma bibi ganzi. Akang'oa jino, akatoa usaha wote, akampiga sindano ya penisilini. Kisha akatoka nyuma ya jengo akalia. Aliporudi alikuwa amenawa uso, akamwelekeza bibi namna ya kusukutua kwa maji ya chumvi.

"Nikupe nini, mwanangu?" bibi akauliza.

"Mtu akija amevimba shavu usimfukize. Mlete kwangu."

Bibi alijifunika, akaondoka. Mimi nikasonya, nikasema huyo anarudi kwenye moshi wake.

Masika ilipoanza nikamwona anatokea barabara ya Guta kwa miguu, amemshika mkono kijana mvuvi mwenye shavu lililovimba. Kijana anabisha, anataka afukizwe kwanza. Walipita mbele ya meza yangu, soko zima linasikia, na bibi hakujifunika.

"Nilishamfukiza mmoja kama wewe, akafa," alimwambia. "Tembea."