Mtu wa Niania na Imprimante ya Chumba cha Mwisho

Kabla hujasema nilikuwa na njaa au malaria, nikuambie hivi: siku hiyo nilikuwa nimeshiba bugali na sombe, yale majani ya muhogo, kichwa changu kilikuwa kizima, na ilikuwa saa saba mchana, jua kali juu ya mabati ya Bunia. Wengine hukutana na mambo haya usiku, halafu wanajiuliza kama waliota. Mimi sikuota. Na kilichobaki juu ya meza tulikiona wawili, na mwenzangu yu hai hadi leo. Ni mama wa kanisa. Ukimwuliza atakueleza, ila atakuomba ukae kwanza.

Wakati ule wa vita nilikuwa fundi wa kompyuta katika shirika moja la misaada, jina lake niliache. Kazi yetu kubwa ilikuwa watoto waliopotezana na wazazi wao wakikimbia. Kila mtoto alikuwa na fishi yake, karatasi yenye jina lake, jina la baba na mama, kijiji chao, na nyumba anamotunzwa kwa sasa. Unaelewa uzito wa karatasi hiyo? Siku zile jina la baba peke yake lilitosha kumwonyesha mwenye bunduki kwamba mtoto huyu ni wa upande fulani.

Tulikuwa na mashine tatu za kuchapisha, siye tunaziita imprimante. Moja ilikuwa mapokezi, karibu na mlango wa barabara. Ya pili kwa shefu, mkubwa wetu wa kazi. Ya tatu katika chumba cha mwisho, kwa Mama Georgette, ambaye ndiye aliyeshika fishi zote za watoto. Nilipoanza kazi, mfanyakazi yeyote akifungua kompyuta aliziona zote tatu na kujiwekea aliyoitaka. Basi mmoja wetu akakosea. Alibonyeza ya mapokezi, na fishi ya watoto wawili ikatoka pale mbele, wageni wamekaa kwenye benchi. Mama Georgette alipokwenda kuichukua, karatasi haikuwepo, na mgeni mmoja alikuwa ameondoka. Tulikimbiza gari hadi kijiji cha Shari, walikotunzwa, tukawatoa wale watoto. Jioni ile ile watu wenye silaha walifika kwenye nyumba ile, wakamkuta mama wa nyumba anafua nguo, peke yake.

Nilikaa siku tatu mbele ya serveri, ile kompyuta inayoongoza nyingine zote. Nikapanga kila mtu kwa jina lake la kuingilia. Wa mapokezi aone ya mapokezi. Shefu aone yake. Ile ya chumba cha mwisho aione Mama Georgette peke yake, na wengine wasikute hata jina lake kwenye orodha. Nikaondoa pia ruhusa ya mtu kujiwekea imprimante mwenyewe. Biro nzima, yaani ofisi yote, ilininung'unikia. Shefu akaja amesimama mlangoni.

"Hata miye siione?"

"Hata weye, shefu."

Alinitazama, akacheka kidogo, akarudi zake. Na mimi najivuna, sioni haya kusema: kuanzia siku hiyo haikutoka fishi hata moja mahali pasipo pake.

Sasa huyo mtu wa Niania, mji wa msituni, mbali na Bunia. Kule tulikuwa na mfanyakazi mmoja, Papa Baudouin, aliyeandika fishi za watoto waliofika kwa njia ile. Mimi nilikuwa nimemtengenezea jina la kuingilia ili aweze kuandika akifika Bunia, lakini uso wake sikuwahi kuuona. Nilijua sauti yake tu, maana kila asubuhi tulisikilizana kwa redio, hadi wiki mbili kabla ya siku hiyo, redio ya Niania iliponyamaza. Sauti nzito, ya polepole, kama mtu anayesoma kitabu kwa watoto.

Saa saba hiyo wenzangu walikuwa uani wanakula. Mimi nilikwisha kula, nikaingia mapokezi kutafuta bisibisi yangu. Nikakuta mwanaume amekaa mbele ya kompyuta. Shati jeupe, limepigwa pasi, bila doa. Ukitoka Niania kwa barabara ile unafika mwekundu kama tofali. Nikafikiri ameoga kwanza.

"Jambo, mama," akasema. "Ni miye Baudouin."

Ilikuwa sauti ile ile ya redio.

"Karibu, papa. Barabara iko aje?"

"Barabara imeisha."

Nilidhani anasema amemaliza safari. Wewe ungedhani nini?

Akaonyesha kioo cha kompyuta. Alikuwa amejaza fishi mbili. "Hawa ni batoto yangu. Tulipotezana njiani, sasa wako hapa Bunia. Mukubwa iko na miaka ine tu, hajui kusema jina ya shangazi yake. Nataka hizi karatasi zitoke kwa Mama Georgette, lakini imprimante yake siioni. Uniwekee."

"Pole sana, papa. Ile siwezi kukuwekea."

"Ni karatasi mbili."

"Hata moja."

"Miye ni baba yao, mama."

Niamini, moyo uliniuma. Kumfungulia ilikuwa kazi ya dakika mbili. Nilikuwa na uwezo huo mikononi, na mtu mwenyewe alikuwa na haki kuliko sisi wote. Nilisogea hadi nyuma ya kiti chake, na hapo baridi ikanishika miguu, baridi ya maji ya kisima, chini ya mabati yaliyokuwa yanaungua. Akageuka. Macho yake hayakupepesa. Nilianza kuogopa bila kujua ninaogopa nini, na woga huo ukaniambia: mpe, aende zake.

Nikasema, "Papa, leo nikifungua kwa huruma, kesho nitafungua kwa woga, na kesho kutwa nitafungua kwa mutu wa bunduki. Ngojea hapa. Namwita Mama Georgette, yeye atazitoa mwenyewe."

Aligeukia kioo tena, akatazama majina ya wanawe. Halafu akasema taratibu, "Ni vizuri. Uende mbio. Siko na wakati mingi."

Nilipotoka uani ndipo niliposikia kimya. Grupu, ile mashine yetu ya umeme, ilikuwa haivumi. Mlinzi wetu, Muzee Anselme, alikuwa anaimiminia mazuti, mafuta ya dizeli.

"Muzee, umezima sasa hivi?"

"Hapana. Nimezima tangu saa sita na nusu, ipoe."

"Na mugeni wa mapokezi ameingia saa ngapi?"

"Mugeni gani, mwanangu? Mulango wa barabara nimefunga tangu watu walianza kula. Funguo ni hii."

Betri tuliyokuwa nayo ilikuwa ya serveri peke yake. Kompyuta ya mapokezi bila grupu ni sanduku tu. Nilimshika Mama Georgette mkono, na vidole vyake bado vilikuwa na bugali, nikamvuta ndani bila kumweleza.

Kiti kilikuwa kitupu. Kioo kilikuwa kinawaka.

Mama Georgette alitazama waya ukutani, akatazama taa ya dari iliyozimika, akanitazama mimi. Hakupiga kelele. Alijifuta mikono kwenye kitenge chake, akachukua kalamu na daftari, akaanza kunakili. Majina ya watoto. Jina la baba. Mama yao, marehemu. Shangazi yao anauza chumvi na sabuni sokoni Boga, na jina la utani analoitwa pale sokoni. Mtoto mkubwa ana alama ya kuungua nyuma ya sikio la kulia. Mimi nilisimama pembeni nimeshika ukuta. Alipoandika neno la mwisho, mwanga ulipungua polepole, ukaisha.

Umeme uliporudi, nilitafuta fishi zile kila mahali. Hazikuwepo. Lakini serveri huandika kila mtu anachojaribu kufanya, na humo nilikuta jina la Baudouin, saa ile ile, ameiomba imprimante ya chumba cha mwisho mara saba. Mbele ya kila mara, neno lile lile: amekataliwa.

Baada ya siku nne redio ya Niania ikasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Papa Baudouin aliuawa njiani, alipokuwa anakuja kuwatafuta wanawe, na siku aliyozikwa ikatajwa. Nilihesabu siku kwenye kalenda, nikahesabu tena. Alipokaa kwenye kile kiti alikuwa amezikwa wiki nzima.

Watoto wake walikuwa wanatunzwa na familia moja mjini, bila sisi kujua ni wa nani; majina ya kwenye daftari ndiyo yaliyotupeleka kwao. Mama Georgette alimgeuza mkubwa sikio. Alama ilikuwepo. Barabara ya Boga ilipofunguka, shangazi akaja na gunia la viazi begani, akawaita kwa majina, na yule mdogo akakimbia akajificha ndani ya nguo zake.

Tangu siku hiyo miguu yangu haijapata joto. Hata kiangazi nalala na soksi, na mume wangu amechoka kuuliza. Umeme ukikatika mahali popote nilipo, natazama kwanza kama kuna kioo kinachoendelea kuwaka. Kazi sikuiacha. Nimepanga biro nyingi baada ya ile, hapa na Beni, na nimefundisha mafundi wengi, na kila mmoja namwanzia na kisa hiki kabla hajagusa serveri.

Basi wewe nawe unayeshika ruhusa za watu, sikia. Atakayekuja kukuomba hatafanana na mwizi. Atakuwa na haki, atakuwa na sauti unayoipenda, na atakuomba kidogo sana. Usimfungulie. Inuka, umwitie mwenye kazi, na utembee haraka, kwa sababu huenda hana wakati. Mimi yule baba nilimkatalia uso kwa uso, na binti yake mkubwa aliolewa mwaka jana pale Boga. Nilikaa meza ya mbele pamoja na shangazi, mahali pa wazazi wake.