Makayabo Hai

Sijawahi kuona bahari. Nalisema mapema, asije mtu akanidhania fundi wa samaki. Nilizaliwa Karuba, kule juu Masisi, kwenye ng'ombe na baridi, na masomo yangu yaliishia mwaka wa pili wa sekondari. Hapa Walikale nafunga pano za jua: naziweka juu ya mabati, nashusha nyaya, naunganisha batri, taa inawaka. Watu wananiita tekinisie. Kama jina hilo linanifaa ao halinifai, sijui, lakini sijawahi kulikataa.

Aliyeniingiza katika mambo ya bahari ni mfanyabiashara mmoja wa Butembo, Mkatoliki, mwenye duka hapa na magari mawili ya mizigo. Alikwenda pwani kuagiza bidhaa, akaona hotelini sanduku la kioo lenye samaki wa rangi na mawe yanayopumua. Alirudi akitaka la kwake, saloni, pale wanapoketi wageni, na alitaka lijiendeshe lenyewe, maana yeye yuko njiani kila wiki na mke wake alishasema wazi: "Miye sitachunga samaki yenye haiko ya kula."

Vyombo vilifika kutoka Bukavu na shofere wake, pamoja na karatasi za Kifaransa zenye picha. Nilizisoma mara nne. Penye maneno magumu nilifuata picha. Taa niliipitisha kwenye minuteri: saa tatu asubuhi inawaka, saa kumi na moja jioni inazimika. Feni ndogo inapuliza juu ya maji kila joto likipanda, na Walikale joto linapanda kila siku. Lakini kitu nilichokipenda kuliko vyote ni kipira kinachoelea. Maji yakishuka, kipira kinashuka, pampu ndogo inaamka na kuvuta maji kutoka kwenye bidoni, dumu la plastiki lililo kando, hadi kipira kiinuke tena. Hakuna wa kugusa kitu. Siku ya kwanza nilikaa pale karibu saa nzima nikichota maji kwa kikombe, ili tu nione pampu ikiamka. Nilikuwa na furaha, na sioni haya.

Maji yenyewe yalikuwa ya mvua, tuliyoyakinga kwenye mabati. Nikakoroga ndani chumvi ya bahari kutoka mfuko maalumu uliokuja na vyombo, nikipima kwa chombo chenye sindano, hadi sindano ikasimama kwenye kijani. Nikajaza kioo. Nikajaza na bidoni.

Wenye uhai waliletwa kutoka Bukavu na shofere yuleyule: samaki wawili wa rangi ya machungwa, na jiwe lenye kitu laini kama uyoga, kinachofungua vidole mwanga ukiwaka. Wenye kusoma wanakiita tumbawe. Sisi tulisema "jiwe yenye kula." Aliwasafirisha kwenye sanduku la barafu lisilo na barafu, juu ya kiti cha mbele, na kipampu cha batri kikiwapulizia hewa, siku tatu za matope. Kila kizuizi cha barabarani askari walimuuliza amebeba nini.

"Samaki ya maji ya chumvi."

"Makayabo?"

Makayabo ni ule samaki mkavu wa chumvi tunaonunua sokoni, mgumu kama ubao.

"Makayabo," alijibu, "lakini iko hai. Usifungue, itakuuma."

Kesho yake mtaa mzima ulikuwa unauliza habari za makayabo hai.

Wiki mbili zilikuwa nzuri. Nilipita kila asubuhi taa ikiwaka, nikatazama vidole vikifunguka kimoja kimoja, na mama wa nyumba, yule aliyekataa kuchunga, nilimkuta amehamishia kiti chake mbele ya kioo. Wiki ya tatu vidole vikajifunga. Samaki wakabaki pembeni, wakipumua haraka. Sindano ilikuwa imevuka kijani. Niliongeza kasi ya pampu kubwa inayozungusha maji, nikasafisha kioo, sindano ikazidi kupanda.

Mwenye duka alirudi kutoka safarini, akainama mbele ya kioo.

"Tekinisie, iko nini?"

"Chumvi imezidi, Papa. Sijui inatoka wapi."

Alifikiri. "Ile mufuko ya chumvi shofere alilala nayo siku tatu njiani. Hawezi kuuza ya kweli, akaweka ya jikoni?"

Ningeweza kusema sijui. Nilisema: "Labda, Papa."

Nataka nimtendee haki: hakupiga kelele. Alishuka dukani, mbele ya wanunuzi akamwomba shofere funguo za gari, akasema Jumamosi mwengine ataendesha kwenda Bukavu, na yeye angoje mpaka jambo lijulikane. Shofere ana watoto wanne na hana kazi nyingine. Alinikuta barabarani.

"Injiniere, njo wewe ulisema niliiba chumvi?"

"Sikusema hivyo. Nilisema labda."

"Ile labda yako njo iko na funguo yangu sasa," akasema, akaenda zake.

Ijumaa mchana nilikuwa nyuma ya nyumba yangu, pamoja na mama mkwe wangu. Yeye ni mtu wa hapa, wa msituni, na bado anapika chumvi kama walivyopika kwao: anachoma majani ya mtoni, majivu anayaweka katika chungu chenye tundu, anamwagia maji, yanayodondoka anayachemsha. Chumvi ya dukani anaijua, ila anasema haifai kwa sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Aliniona nimeshika kaye yangu, daftari la kazi, bila kuandika, akauliza. Nikamweleza yote, na labda yangu pia.

"Ile maji inapungukaka, inaenda wapi?"

"Inakauka, Mama. Feni inaipuliza."

"Na unaongeza nini?"

"Maji ya chumvi. Si iko bahari?"

Alisogeza sufuria. Maji yalikuwa yamebaki kidogo sana chini, na pembeni pamepiga weupe. "Asubuhi hii ilikuwa imejaa. Maji ilienda na moshi. Chumvi ilienda nayo?"

"Apana."

"Sasa weye, mukwe, uko unapika chumvi mu saloni ya watu wiki tatu, na huna ata kuni."

Hakucheka. Afadhali angecheka.

Nilirudi kwenye karatasi. Imeandikwa wazi, bidoni iwekwe "eau douce." Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo mara nne. "Douce" mimi naijua kama upole. Fundi wangu wa zamani alituambia kila siku "doucement" tulipoharakisha. Nikaelewa maji yaingie polepole, na kwa bidii yangu nikapunguza kasi ya kile kipampu cha bidoni. Kumbe ni maji matamu tu, yasiyo na chumvi. Waandishi wa karatasi hawana kosa.

Kutoka kwangu hadi dukani ni mwendo wa dakika kumi, na niliziona zote. Nilijua naweza kubadilisha bidoni kimya, sindano ikashuka, na kila mtu akaendelea kuamini anachoamini. Ningebaki tekinisie. Naandika kwamba nililifikiria, kwa sababu nililifikiria, na si mara moja.

Shofere alikuwa dukani, ameketi kwenye mfuko wa mchele. Nikasema mbele yake: "Papa, chumvi iko ya kweli. Kosa ni yangu. Huyu hakugusa kitu, na mimi sikupashwa kusema labda."

 Mwenye duka akatoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya meza. Shofere hakuzichukua.

"Papa, funguo uliniomba mbele ya watu," akasema. "Kuna mama pale ananunua sukari. Na yeye asikie."

Mwenye duka akageuka kwa mama yule, akasema kwa sauti ya kutosha kwamba shofere wake si mwizi. Sijui wakubwa wangapi wangefanya hivyo. Jumamosi gari liliondoka na shofere mwenyewe.

Mimi nilichota maji ya chumvi kutoka kwenye kioo, kikombe kwa kikombe, bidoni nikaweka ya mvua tupu. Sindano ilichukua siku tano kurudi kijani. Kipande kimoja cha tumbawe kilikufa, nacho ni juu yangu. Samaki wote wawili wapo.

Shofere aliporudi kutoka Bukavu alivua viatu, akaingia saloni kuwaona kwa mara ya kwanza wakiogelea, akakaa kando ya mama wa nyumba. Akitoka akaniambia anataka pano kwenye nyumba yake.

"Unataka nikufungie?" nikauliza. "Mimi?"

"Weye. Lakini karatasi atasoma bibi yangu. Alifundishaka Kifaransa."

Nilikwenda Jumatatu. Mke wake alisoma mstari kwa mstari, mimi nikikata nyaya, na kila nilipouliza maana alinieleza bila kunicheka. Mumewe ndiye aliyecheka, na nikamwacha acheke hadi taa ikawaka.