Safari ya Mama Mkwe Kwenda Kedarnath

Mama mkwe wangu alitangaza safari tukiwa mezani tunakula, kana kwamba anaomba chumvi. Mwezi wa tano, theluji ikiyeyuka na milango ya hekalu ikifunguliwa, alitaka awe Kedarnath, kwa Shiva, mungu wao, juu kabisa kwenye milima ya India. Na alitaka aende kwa barabara. Mume wangu, ambaye ni mwanawe wa pekee, akamwambia siku hizi kuna helikopta inayokupeleka karibu na mlango. Mama akamtazama weee. "Kwa Mungu hakuendwi kwa kuruka," akasema, akaendelea na chapati yake.

Basi nyumba ikageuka ofisi ya safari. Kila jioni akishafunga duka, mume wangu alifungua ramani kwenye simu: ndege hadi Dar, ndege hadi India, treni hadi Haridwar, halafu gari la kukodi na dereva wake, kona na makorongo, kulala njiani ili mwili uzoee hewa ya juu, mpaka pale barabara inapoishia. Kutoka hapo ni kupanda kwa miguu au kwa farasi. Mimi nikapewa kazi ya mazoezi. Kila asubuhi nimtembeze mama kutoka stesheni ya reli hapa Kigoma hadi Mwanga, ule mlima wetu wa lami ambao hata bodaboda wanaulalamikia.

Niseme kwanza mimi ni nani. Mimi ni Muha wa Ilagala, mtoto wa kanisani, nimekulia kwenye dagaa. Wao ni Wahindu wenye duka, wamezaliwa Kigoma, Kiswahili chao ni cha hapa hapa, na nyama wala samaki haviingii jikoni kwao. Mwanawe aliponioa, mama alilia mpaka macho yakavimba. Miaka yote hii dagaa wangu nawakaangia jiko la nje, nyuma ya tanki la maji, na mvua ikinyesha nakula maharage kama mwanafunzi wa bweni. Tumeishi hivyo, kwa heshima, bila kupendana sana.

Mwanzoni mwa mazoezi nilimwona mchoyo. Tukifika katikati ya mlima alisimama kwa mama muuza nyanya, akaanza kubishania bei. Nyanya zenyewe hazitaki, zimejaa nyumbani. Mbele kidogo anasimama kwenye mawese, ashike chupa, aigeuze, aulize bei, ashangae, aulize tena. Mimi nasimama pembeni nimenuna, maana wauzaji walikuwa wananitazama mimi. Siku moja nikamwangalia vizuri. Mkono wake ulikuwa umeshika nguzo ya kibanda kwa nguvu zote, na kati ya swali na swali alikuwa anatafuta pumzi, mdomo wazi kidogo. Bei ilikuwa kisingizio cha kupumzika. Alipoona kwamba nimeona, akasema taratibu, "Usimwambie mwanangu." Nikasema sawa, Mama.

Hapo ndipo nilipojiharibia. Jioni ile ile wakala wa safari alipiga simu ya video kutoka Haridwar, akaanza kumuuliza mama habari za afya yake: moyo, presha, kifua. Kihindi changu ni cha kusikiliza tu, lakini kinatosha. Akamuuliza kama akipanda mlima anakosa pumzi. Mama akajibu hapana, na alipojibu alikuwa ananitazama mimi, si simu. Nikainuka nikaenda kutoa vyombo. Nilijidanganya kwamba ni heshima, mkwe haingilii mazungumzo ya mama mkwe wake. Kweli yenyewe ni ya aibu zaidi. Nilikuwa nimeshaupigia hesabu mwezi wa safari, mwezi mzima wa kupika jiko la ndani, dagaa wangu wakinukia mpaka sebuleni. Yaani nilikuwa tayari kumwacha mtu akafie kwenye theluji kwa sababu ya dagaa. Hata kuliandika hili naona tabu.

Safari ilipokaribia, mama akaanza kuzunguka kuomba radhi. Kwao mwenye kwenda hija huaga hivyo, maana huenda asirudi. Waislamu wa Ujiji nao hufanya hivyo wakienda Maka, kwa hiyo hakuna nyumba aliyobisha hodi wakamshangaa. Aliomba radhi kwa majirani, kwa wateja, kwa fundi cherehani wa barazani aliyekuwa hasemi naye. Mwisho kabisa akaja kwangu jikoni, akavuta kigoda.

"Na wewe unisamehe," akasema. "Nilikuona mgeni muda mrefu mno."

Nikamwambia hayo yamekwisha. Nilitaka aondoke, aibu ilikuwa inanipanda mpaka masikioni. Hakuondoka.

"Umewahi kujiuliza kwa nini sili wali?"

Jamani, nilijiuliza kila siku ya Mungu. Tangu mwanangu azaliwe, mama hajagusa wali. Ni chapati tu, anazozisukuma mwenyewe, na mimi niliamua zamani kwamba ni kwa sababu mikono inayopika wali ule ni yangu. Nilishawahadithia dada zangu wote.

Akaniambia. Siku niliyojifungua, damu ilikataa kukoma. Mimi sikumbuki kitu, nilikuwa nimezimia, na mume wangu alikuwa mjini anatafuta watu wa kunitolea damu. Mama alibaki peke yake koridoni. Akaweka nadhiri: huyu binti akipona, nitakwenda Kedarnath kushukuru, na mpaka siku hiyo wali hautapita mdomoni mwangu. Nikapona. Halafu duka likayumba, baba mkwe akaugua, akafa, miaka ikaenda, na yeye yupo na chapati zake, hakumwambia mtu.

"Kwa hiyo unaona," akasema, "lazima niende."

Nilichokiona mimi ni kwamba mwanamke huyu anakwenda kufa mlimani kwa ajili yangu, na mimi namsindikiza kwa kunyamaza. Mume wangu aliporudi kutoka dukani nilimwambia hata viatu hajavua. Nilimwambia yote, nyanya, mawese, nguzo. Tukampeleka mama kwa daktari, akampima moyo kwa mashine, akasema anaweza kuishi miaka mingi hapa chini kando ya ziwa, lakini kule juu hapana. Si kwa farasi, si kwa helikopta. Miguu haina neno, tatizo ni hewa.

Mama akaacha kunisemesha. Salamu aliitikia, basi. Watu waliniambia nimeokoa maisha yake, na nawashukuru, lakini wao hawakumwona akitoa soksi za sufu kwenye begi, moja moja, akizirudisha kwenye karatasi zake. Mtu amejinyima miaka yote hiyo kwa ajili yangu, na siku ya kumaliza mimi ndiye niliyemzuia mlangoni. Nilikosa niliponyamaza, na niliposema nikajiona nimekosa tena.

Jumapili moja nilitoka kanisani nikamkuta barazani ananisubiri. Alikuwa amezungumza kwa simu na kuhani wao aliye Dar. Kuhani amesema aliyeombewa anaweza kwenda badala ya aliyeomba.

"Utakwenda wewe na mume wako," akasema. "Mtoto atabaki na mimi."

"Mama, mimi sijui sala yenu hata moja. Na padri wangu akisikia je?"

"Hata mimi siku ile sikusali. Nilikaa sakafuni nikasema, huyu asife. Basi. Nenda ukamwonyeshe kwamba hukufa."

Sasa nafanya mazoezi peke yangu. Napanda hadi Mwanga bila kusimama, na pumzi inavyoingia kirahisi hivyo najiona mwizi. Jana nilipokuwa napanga nguo, mama alikuja akakaa kitandani, akanionya kuhusu baridi, kuhusu farasi wanaopiga mateke, kuhusu watu wanaoiba viatu nje ya hekalu. Halafu akanishika mkono.

"Na ukifika kule usiweke nadhiri yoyote kwa ajili yangu. Unanisikia? Inachosha."

"Sawa, Mama," nikasema.

Nilikuwa nimeshaiweka, tangu pale kwenye benchi la daktari.