Kichwa Alichoinamisha Naserian

Mimi ni dereva, na wakubwa hudhani dereva hana masikio. Ndiyo maana najua vizuri mambo ya Naserian na ile kampuni ya washauri iliyotuajiri sote wawili.

Naserian alizaliwa kwenye boma la wafugaji upande wa Mvumi, Kilosa, akasoma mpaka akapata shahada mbili. Kampuni ilipopewa kazi ya kupanga njia ya ng'ombe kwenda mtoni, nilimpeleka yeye boma kwa boma, shamba kwa shamba, wiki tatu nzima. Kwa wafugaji wenzake aliinamisha kichwa kwanza, mzee wa boma akamwekea kiganja utosini kupokea salamu, ndipo maneno yakaanza. Mzee Sapit, rika moja na baba yake, alimwonyesha korongo ambalo mifugo hupita bila kugusa mahindi ya mtu. Wakulima nao walilikubali.

"Utaiandika hivyo hivyo, mwanangu?" mzee aliuliza.

"Hivyo hivyo, baba."

Na kweli akaandika ripoti hivyo, kurasa tisini. Ila kiongozi wa timu aliitwa Oliver, kijana wa Kizungu mwenye miezi minne nchini, aliyekuja huko siku moja tu na kushinda ndani ya gari langu akikimbia jua. Huyo ndiye aliyekaa na kompyuta akainyoosha njia ili iwe fupi, ikapasua katikati ya mashamba. Naserian alipopinga, mkurugenzi wetu Octavian, Mtanzania mwenzetu kabisa, alimjibu huku mimi nikiwa kwenye usukani.

"Wewe dada ni Mmasai, huko ni kwenu, lazima utavutia upande wako. Oliver hana upande. Halafu punguza jazba, wateja hawapendi mwanamke mwenye jazba."

Nilitamani kufunga breki wagongane vichwa. Yaani asiyelijua korongo ndiye wa kuaminiwa, na anayelijua ndiye anapendelea! Hasira ile ninayo mpaka leo.

Ripoti ilikabidhiwa Mikumi, kwenye ukumbi wa hoteli, wazee wakiwa wamealikwa. Oliver alizungumza kwa Kiingereza. Naserian alipewa kazi ya kutafsiri, na ya kuangalia kama chai inatosha. Ramani ilipotokea ukutani, Mzee Sapit alisimama.

"Hiyo siyo njia tuliyoonyesha. Nani kaichora?"

Naserian akatafsiri. Oliver akajibu akitabasamu. Naserian akasema kwa sauti kavu, "Anasema ameichora kufuata maelezo niliyomletea mimi. Si kweli, baba. Mimi niliandika korongo."

Octavian aliinuka haraka. "Shikamoo, mzee wangu. Naomba msimsikilize huyu, ni mkalimani wetu tu. Ripoti hakuandika yeye."

Mzee hakuitikia shikamoo ile. Alimgeukia Naserian. "Mkalimani? Kwangu ulisema wewe ndiye mwandishi. Nilikwenda kwa wakulima nikawaapia kwa neno lako."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, funguo mkononi. Nililiona korongo kwa macho yangu, na daftari lake nililishika mwenyewe alipokuwa akivuka maji. Sikufungua mdomo. Nina watoto watatu shuleni, na hilo ndilo neno nililojiambia. Najidharau kwa hilo.

Kikao kilipoisha Naserian alimkimbilia mzee uani, akainamisha kichwa. Mzee Sapit alisimama mbele yake, mikono yote miwili juu ya fimbo. Hakuinua hata mmoja. Akaenda zake kwenye gari lililowaleta, wenzake wakimfuata, na Naserian akabaki ameinama pale, watu wa ofisi wakitazama.

Nilimfungulia mlango akapanda. Tulipofika njia panda ya Kilosa niliwasha indiketa, maana tulikubaliana tangu asubuhi kwamba nitampeleka akalale kwao, na mama yake alikuwa amempikia.

"Zima, kaka Ditram," alisema. "Nyoosha Morogoro."