Sitini na Tatu Elfu

Mwaka mkoa wetu ulipokatwa kutoka Arusha, nilikuwa nasomea cheti cha utunzaji wa hesabu kwenye chuo cha wananchi upande wa Hanang. Nilikwenda kwa hasira. Baba yangu alikuwa katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa pareto kijijini kwetu Daudi. Wanunuzi binafsi walipoingia na chama kikafa, ukaguzi wa mwisho ulikuta upungufu wa shilingi sitini na tatu elfu. Baba aliuza maksai wawili akalipa, lakini jina la mwizi likabaki palepale.

Alfajiri moja baba, Mkristo wa kubatizwa yule, alisimama uani akalielekea jua linalochomoza, akamlaani aliyezipoteza fedha zile, hata awe nani. Kwetu laana hiyo humtafuta mwenye kosa hadi imuue. Nilikuwa darasa la saba, na familia ilipoitikia niliwashinda wote kwa sauti.

Chuoni mwalimu alitufundisha ujanja: urari ukikataa, pande mbili za hesabu zisilingane, chukua tofauti uigawe kwa tisa. Ikigawanyika bila baki, huenda kuna tarakimu mtu kazigeuza. Wenzangu waliandika. Mimi niligawanya sitini na tatu elfu: elfu saba kamili.

Likizo ilipofika nilifungua sanduku la baba. Stakabadhi yenye dole gumba la mkulima ilisema kalipwa 81,000. Daftari lilisema 18,000. Hakuna aliyeiba. Na mwandiko ule wa kujivuna ulikuwa wangu. Macho ya baba yalishachoka, kwa hiyo Jumapili baada ya ibada alikuwa ananipa stakabadhi nimnakilie.

Niliogopa: laana ile ilikuwa inanitafuta mimi. Hata hivyo nilimfuata jikoni alipokuwa akiota moto, daftari na stakabadhi mkononi.

“Shikamoo baba. Hukuiba. Ni mimi nilikosea kuandika.”

Alilisogeza daftari hadi karibu na pua, akalilinganisha na stakabadhi.

“Umemwonyesha nani mwingine?”

“Hakuna, baba.”

Akaisukuma stakabadhi motoni, kisha daftari. Nikapiga kelele kwamba anachoma ushahidi wake.

“Ushahidi gani?” alisema. “Fedha zile nilizipoteza mimi. Kesho nitaliambia jua.”

Na kweli alitoka. Nilimsikia kupitia dirisha, akitaja jina lake na la ukoo.

Alizikwa kabla ya mavuno. Makaburini mtu nyuma yangu alinong'ona habari za fedha za pareto. Nilimsikia vizuri, na nikanyamaza.