Vichupa Vitano vya Mzee Stoo

Mzee Stoo alitunza stoo ya kiwanda cha pampu za maji kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo haikupotea hata nati moja. Sifa hiyo ilimpanda kichwani ikakaa. Alipostaafu aliihamishia stoo nyumbani: taulo zikapewa namba, masufuria yakapewa namba. Mkewe, aliyefundisha darasa la kwanza mpaka sauti ikamkauka, alimwacha afanye apendavyo. Alijua mwanamume huyu asipopewa vitu vya kuhesabu atahesabu makosa ya watu.

Safari ya kuizunguka dunia lilikuwa wazo la mke. Watoto wao wawili walikuwa mbali, kila mmoja na nchi yake, na ndugu na marafiki wa zamani walikuwa wametawanyika huko na huko. Alitaka kuwaona wote angali ana miguu. Wakaondoka watu wanne: wao wawili, dada mdogo wa mke, aliyekaa mapokezi ya hoteli miaka mingi na kuokota lugha tatu za wageni, na Kinyozi, rafiki wa mzee tangu utotoni. Kinyozi alisema anakwenda kwa sababu nywele huota nchi zote.

Pasi za kusafiria za watu wote zilikaa kwenye mkoba wa Mzee Stoo. Aliyeitaka yake alisaini daftari. Siku moja Kinyozi alisaini "Mfalme", na mzee akamnunia kuanzia kiwanja kimoja cha ndege mpaka kingine. Mke alicheka hadi machozi yakamtoka. Miezi minane ilikwenda hivyo, nchi tano, wakilala kwa mtoto, kwa binamu, kwa rafiki, na kama kuna mtu aliyekuwa na furaha duniani wakati huo basi ni yule mwalimu.

Sasa, dawa. Mke alikuwa anakunywa vidonge vya aina tano. Mwanzoni alijifunza majina yake kwa kuyaimba, kama alivyowafundisha watoto irabu. Mzee akamkatiza. "Ya nini kujichosha, Mama? Majina yenyewe yanavunja ulimi. Wewe sema namba, mimi nipo." Na kabla ya safari, alipoona maboksi ya dawa yanakula nafasi ya sanduku zima, alivimimina vidonge kwenye vichupa vitano vya plastiki, akaviandika moja mpaka tano kwa wino usiofutika. Maboksi na karatasi zake akavitupa. Aliiona kazi hiyo ni safi, na kwa macho ya stoo ilikuwa safi kweli.

Katika nchi ya sita walipanga nyumba ghorofa ya tatu. Asubuhi ya siku ya nne mke alikuwa anapaka mkate siagi, kisu kikamtoka mkononi. Akainama kukiokota, mkono ukakataa. Alipoinua uso, mdomo ulikuwa umekwenda upande. Mzee Stoo alimshika mabega akamwita, na kilichotoka kinywani mwa mwalimu hakikuwa neno. Gari la wagonjwa lilifika upesi. Nusu saa baadaye walikuwa hospitali, na mpaka hapo hakuna aliyechelewa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye haraka lakini mwenye adabu. Shemeji, yule dada mdogo wa mke, ndiye aliyetafsiri.

"Anasema damu imeganda kichwani. Kuna sindano ya kuiyeyusha, lakini wana saa nne tu za kuichoma, na saa moja imeshapita. Ila kama dada anakunywa vidonge vya kulainisha damu, sindano hiyo inaweza kumuua. Anauliza anakunywa dawa gani."

Mzee Stoo akafungua mkoba, akavipanga vichupa mezani kwa mstari ulionyooka. Kwa mara ya mwisho siku hiyo alijiona mtu wa maana.

"Namba moja, kimoja asubuhi, vimebaki sitini na viwili," akasema. "Namba mbili, nusu asubuhi na nusu jioni."

"Shemeji, anauliza majina," dada wa mke akamkatiza.

Mzee akakigeuza kichupa cha kwanza; kilikuwa na namba tu.

"Basi anaumwa nini? Tangu lini?"

"Presha. Na mambo ya moyo."

"Moyo unafanyaje?"

Hakujua. Miaka minne mkewe alikwenda kliniki peke yake, na aliporudi aliweka maboksi mezani, naye mume akayahesabu. Alijua idadi ya kila kidonge kilichopita katika nyumba ile. Hakuwahi kuuliza hata kimoja kinatibu nini.

Neno moyo ndilo lililomtisha daktari, kwa sababu wagonjwa wengi wa moyo hupewa dawa za kulainisha damu. Mfamasia akaitwa. Vidonge vya aina mbili akavitambua, vya aina tatu vilikuwa vyeupe, vya mviringo, bila alama. Kipimo cha damu walichokuwa nacho hakikuweza kumaliza shaka. Wakapiga simu kliniki ya nyumbani, lakini huko ulikuwa usiku, simu ikaita mpaka ikakata. Wakampigia binti yao. "Mama aliniambia ni presha tu, Baba," akasema, akaanza kulia.

Mzee akakimbilia kitandani. "Mama, dawa zile. Majina yake. Jaribu." Akainamisha sikio mpaka likagusa midomo yake. Mwalimu alijitahidi. Shingo ilimkakamaa kwa kujitahidi, na ilitoka sauti moja, ileile, tena na tena. Kinyozi alitoka akaenda kusimama kwenye ngazi.

Saa nne zikaisha wakiitazama saa ya ukutani. Daktari alisema hawezi kubahatisha uhai wa mtu, na alisema kweli.

Kliniki ilipokea simu jioni. Shemeji alisikiliza, akashukuru, akakata simu.

"Hakuna hata kimoja cha kulainisha damu," akasema. "Wangeweza kumchoma."

Hakumlaumu. Afadhali angemlaumu, kwa maana mzee alikuwa amejiandaa kwa hilo.

Siku ya tatu mkono wa kulia na mguu vilikuwa bado vimelala, na maneno hayakurudi. Daktari alisema huenda mgonjwa anaelewa kila kitu, huenda haelewi kitu, ni mapema kujua. Shemeji na Kinyozi walimshauri Mzee Stoo asimwambie mkewe lolote. Kwanza apate nguvu, walisema. Yeye aliona miaka arobaini na moja ya ndoa haimruhusu kumficha.

Akavuta kiti. Akamweleza habari ya sindano, habari ya saa nne, simu ya jioni na jibu lake. "Ni mimi," akasema. "Si dunia, si safari. Ni mimi niliyekunyang'anya majina yale."

Mkewe alimtazama muda wote alipokuwa anasema. Alipomaliza, aligeuza uso polepole upande wa dirisha. Huenda alikuwa amechoka.

Mzee Stoo alibaki pale, akitazama kisogo chake, akisubiri ageuke.